Mji wa Fedha na Majani ya Dhahabu

Katika bweni letu pana kalenda kuukuu ambayo mwaka wake ulikwisha zamani, lakini hapana aliyekubali kuiondoa ukutani kwa ajili ya picha yake. Picha yenyewe yaonyesha ziwa dogo lililotulia kama kioo. Nyuma ya ziwa vimesimama vilele viwili vyekundu kama udongo wa mfinyanzi, vyenye mistari ya theluji, na kandokando ya ziwa pana miti ambayo majani yake yote ni ya manjano, ya kung'aa kama dhahabu iliyosuguliwa. Muhula uliopita mimi na mwenzangu wa kitanda cha juu tulibishana juu ya picha hii. Yeye alishikilia kwamba imetiwa rangi na mpiga chapa, kwa kuwa hapana msitu mzima unaoweza kuwa wa manjano kwa pamoja, isipokuwa umekufa kwa ukame. Mimi nalishikilia kwamba ni ya kweli, ingawa sikuwa na ushahidi wowote. Tulipompelekea shauri mwalimu wetu wa Jiografia, hakutuamua. Alisema tu, "Atakayepata jibu la kutosha na aliandike katika gazeti la shule." Basi hili ndilo jibu langu, na mwenye kitanda cha juu namwomba asome mpaka mwisho.

Vilele vile huitwa Maroon Bells, navyo viko katika jimbo la Colorado, Marekani, katika safu kubwa ya milima iitwayo Rocky. Kirefu zaidi kina mita 4,317. Ukishuka kutoka kwenye ziwa lile kwa mwendo wa kilomita 16 hivi wafika bondeni, kwenye mji mdogo wa Aspen, unaopitiwa na mto Roaring Fork. Mji huo umo bondeni, lakini bonde lenyewe liko mita 2,400 hivi juu ya bahari. Mkumbuke kwamba Lushoto, ambako baadhi yetu hatuendi bila sweta, iko mita 1,400 tu. Aspen ni jina la mti, na mti huo ndio uliomo katika picha yetu.

Kwanza yafaa tufahamu majira ya watu wa kule. Sisi tulio karibu na Ikweta huhesabu majira yetu kwa mvua na pepo: masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Mchana wetu na usiku wetu karibu ni sawa mwaka mzima. Aspen iko katika latitudo 39 Kaskazini. Mwezi Juni mchana wao huchukua muda wa saa kumi na tano, na mwezi Desemba hupungua hata kufikia saa tisa na nusu. Kati ya joto na baridi kuu pana majira ambayo miti hupukutisha majani. Wako wanaoyaita majira hayo vuli, lakini vuli yetu ni mvua, nayo huleta majani badala ya kuyaondoa. Kwa hiyo katika makala hii nitayaita majira ya kupukutika.

Kwa nini mti utupe majani yake mwenyewe? Jibu tunalo hapa hapa nyumbani. Kila mmoja wetu amewahi kuuona mbuyu au msufi ukiwa mtupu wakati wa kiangazi. Jani hupoteza maji mchana kutwa, na mti usiopata maji ardhini hauna budi kufunga milango. Kule Aspen wakati wa baridi maji hayakosekani, ila yameganda, na mzizi hauwezi kunywa barafu. Zaidi ya hayo, theluji ikilundikana juu ya majani mapana matawi huvunjika. Mbuyu hukimbia kiu ya jua, na mti wa aspen hukimbia kiu ya barafu. Njia yao ni moja.

Lakini mti si mpumbavu wa kutupa mali. Ndani ya jani mna kitu cha kijani kiitwacho klorofili, ambacho hukamata mwanga wa jua ili mti ujitengenezee chakula. Klorofili ni ghali kuitengeneza, kwa kuwa huhitaji naitrojeni, mbolea ile ile ambayo mkulima huinunua kwa magunia. Mchana unapoanza kufupika na usiku kuwa wa baridi, mti huivunja klorofili, huirudisha naitrojeni yake katika matawi, shina na mizizi, na kuiweka akiba. Kisha penye maungio ya kikonyo cha jani na tawi huota tabaka nyembamba kama gamba la kidonda. Tabaka hilo likikamilika, upepo mdogo tu watosha kuliangusha jani, na mti haupati jeraha.

Na ile rangi ya manjano yatoka wapi? Hapa ndipo nilipostaajabu. Haitoki popote. Imo ndani ya jani tangu siku lilipochipua. Huitwa karotinoidi, ndugu wa rangi inayoonekana katika karoti na katika embe lililoiva. Miezi yote ya joto ilikuwa imefunikwa na kijani. Manjano haikuja, kijani ndiyo iliyoondoka. Kwa kawaida jambo hili hufikia upeo wake mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, kisha majani huanguka, na mlima hubaki na mashina meupe tu. Hivyo mwenzangu ashindwa katika neno la kwanza: picha haikutiwa rangi na mtu.

Jani la aspen lina ajabu nyingine. Chukua ukanda wa karatasi, ushike ncha moja na uupulizie ubavuni: utayumba mara moja. Sasa puliza penseli, haitikisiki. Vikonyo vya majani mengi ni mviringo kama penseli, lakini cha aspen ni bapa kama ukanda ule. Ndiyo sababu upepo ambao hauwezi kuzima kibiriti huyatetemesha majani yote ya mti. Wakati wa kupukutika mlima mzima humetameta, na sauti yake husikika kama mvua nyepesi juu ya bati.

Nimeacha kwa makusudi ajabu iliyo kubwa kuliko zote. Mtu akisimama Aspen na kutazama mlima katika majira haya, haoni manjano sawasawa kila mahali. Huona kiraka kimoja kimegeuka chote, na kiraka cha jirani yake kingali kijani, na cha tatu kimekwisha kuwa kitupu, na mipaka yao hukata wazi kama mipaka ya mashamba. Sababu ni kwamba kila kiraka mara nyingi ni mti mmoja. Mti wa aspen hutambaza mizizi yake chini ya ardhi, na mizizi hiyo huchipua mashina mapya, kama migomba yetu inavyochipua kutoka tunguu moja. Tunaloliita msitu wa miti mia ni mti mmoja wenye mashina mia, ndiyo maana hugeuka rangi siku moja kama askari waliopewa amri. Katika jimbo la jirani la Utah uko mmoja uliopewa jina la Pando. Umeenea katika hekta 43 hivi, na una mashina yapatayo 47,000. Kila shina ukilitazama waweza kusema ni mti kamili, kumbe ni tawi tu.

Tabia hii ndiyo inayotuingiza katika historia, kwa maana huwezi kueleza mandhari ya bonde la Aspen bila kueleza watu waliopita pale.

Wenye bonde wa zamani ni watu wa kabila la Ute. Walipanda milimani wakati wa joto kuwinda paa na swala wakubwa wa kule, na baridi ilipokaribia walishuka nchi za chini zenye hewa ya wastani. Mwaka 1879 wachimbaji wa madini walivuka milima kutoka mji wa Leadville, wakakuta mawe yenye fedha, wakapiga kambi. Kambi yao waliiita Ute City, yaani mji wa Waute. Mwaka uliofuata, 1880, wakalibadili jina likawa Aspen. Mwaka 1881 Waute wengi wa milima hiyo walihamishwa kwa nguvu na serikali hadi Utah. Basi lilianza kuondolewa jina, wakafuata watu. Wajukuu wao wapo mpaka leo, katika maeneo yao huko Utah na kusini-magharibi ya Colorado.

Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima ya kuita madini na pesa kwa neno moja: fedha. Kwa watu wa Aspen mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja kweli kweli. Mwanzoni mawe yalibebwa na punda kupita vipito vya juu, na kimoja cha vipito hivyo, Independence Pass, kina mita 3,687 na hufungwa kwa theluji kila mwaka. Mwaka 1887 reli ya kwanza iliingia bondeni, na mapema mwaka 1888 ikafuata ya pili, ya kampuni nyingine iliyoshindana nayo. Tajiri Jerome B. Wheeler wa New York alitia mali yake, na mwaka 1889 zikafunguliwa hoteli na jumba la michezo ya kuigiza ambayo yote yana jina lake hata leo. Maji ya mito yalizungusha mitambo, na Aspen ikawa miongoni mwa miji ya mwanzo ya Marekani kuwaka taa za umeme. Kufikia mwaka 1893 yakadiriwa kwamba mji ulikuwa na watu zaidi ya elfu kumi. Walikuwapo wachimbaji, maseremala, waandishi wa magazeti, waalimu na wauza pombe, na wote walikula kwa fedha.

Sasa tutazame jinsi mji unavyoweza kuangushwa na kalamu iliyo mbali. Fedha ilikuwa na bei kwa sababu serikali zilikuwa zikiinunua ili kufua sarafu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1890 iliilazimisha hazina kununua wakia milioni nne na nusu za fedha kila mwezi. Huko India nako mtu yeyote aliweza kupeleka fedha yake ikafuliwa kuwa rupia. Rupia hiyo si ngeni kwetu, kwani ndiyo waliyoihesabu babu zetu wa Unguja na pwani yote. Mwezi Juni 1893 serikali ya India ilifunga mlango huo, na bei ya fedha ikaanguka mara moja duniani. Mwezi Novemba mwaka ule ule, Marekani nayo ikaifuta sheria yake ya ununuzi. Machimbo ya Aspen yalikuwa bado yamejaa mawe, na wachimbaji walikuwa bado na mikono yenye nguvu. Kilichopotea ni mnunuzi. Machimbo yakafungwa, na maelfu wakafungasha mizigo. Wahenga walisema, mti mkuu ukianguka wana wa ndege huyumba.

Nasikitika kila nikikumbuka jambo lililofuata. Mwaka 1894, katika mgodi uitwao Smuggler, ilipatikana bonge moja la fedha karibu safi lenye uzito wa zaidi ya kilo 800, kubwa mno hata ni shida kuipitisha njiani. Kama ingalitoka miaka miwili kabla, mji mzima ungalicheza ngoma. Ilitoka wakati ambapo soko limekwisha kufa.

Watu walipungua mwaka hata mwaka. Hesabu ya watu ya mwaka 1930 iliwakuta watu 705 tu. Nyumba zilibaki milango wazi, na waliosalia walilima viazi na kufuga ng'ombe. Miaka hiyo wao wenyewe huiita miaka ya kimya.

Hapo nilifunga kitabu, kwa kuwa niliona kama nasoma habari za kwetu. Mimi nimezaliwa mkoa wa Tanga, na babu yangu alikuwa mkata mkonge. Nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo, na katika mwaka 1964 ilitoa zaidi ya tani 200,000. Babu husimulia kwamba wakati ule king'ora cha korona kikilia alfajiri, hata majogoo yalinyamaza. Kisha kamba za plastiki na nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mambo mengine ya uendeshaji yakazidisha taabu, hata miaka ya 1990 mavuno hayakufika sehemu ya nne ya yale ya zamani. Korona ya karibu na kwetu imebaki kuta na vyuma vyenye kutu, ingawa penginepo mkonge umeanza kuinuka tena. Nilipokuwa mdogo nalimwuliza babu kama walikata vibaya ndipo kazi ikaondoka. Akasema, "La, mjukuu wangu. Tulikata vizuri mpaka siku ya mwisho." Sikumwelewa wakati ule. Nimemwelewa kwa kusoma habari za watu wa Aspen, ambao nao walichimba vizuri mpaka siku ya mwisho.

Ni nini basi kilichouinua mji ule? Ni theluji, kitu ambacho wachimbaji walikilaani. Ilizika njia zao, na pengine iliporomoka mlimani ikaua watu. Katika miaka ya 1930 watu wachache waliojua mchezo wa kuteleza kwa mbao ndefu zifungwazo miguuni waliona kwamba miteremko ya Aspen yafaa sana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wa milimani walifunzwa Camp Hale, karibu na Leadville, na baadhi yao wakaufahamu mji huu. Mwaka 1945 alifika Walter Paepcke, mwenye kiwanda cha makasha huko Chicago, pamoja na mkewe Elizabeth. Hao walitaka mji ambao mtu angepumzisha mwili na kulisha akili pia. Mwanzoni mwa 1947 ulizinduliwa rasmi mtambo mrefu wa viti vining'iniavyo kwenye waya ili kuwapandisha watu mlimani. Mwaka 1949 ukafanyika mkutano mkubwa wa kumkumbuka Goethe, mwandishi wa Kijerumani, na aliyealikwa kuhutubia alikuwa Daktari Albert Schweitzer, aliyesafiri kutoka hospitali yake ya Lambaréné, Gabon. Hiyo ndiyo mara moja tu aliyokanyaga Marekani. Mwaka 1950 yakaja mashindano ya dunia ya kuteleza. Hoteli ya Jerome na jumba lile la michezo, vilivyojengwa kwa fedha ya machimbo, vilikuwa bado vimesimama kungojea wageni.

Nisingekuwa mwaminifu kama ningeishia hapo kwa shangwe. Leo mji una wakazi elfu saba hivi, na ni miongoni mwa mahali penye nyumba za bei kubwa kabisa katika Marekani. Matajiri hununua nyumba na kuzikalia majuma machache kwa mwaka. Mwalimu, mpishi na dereva wa basi wengi wao hulala miji ya chini ya bonde, wakasafiri kila siku kupanda kazini. Halmashauri ya huko imejitahidi kutenga nyumba zipatazo elfu tatu kwa ajili ya wafanyakazi, na bado hazitoshi. Sisi husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Aspen yatufunza kuuliza swali la pili: wageni wakija wengi mno, mwenyeji atalala wapi?

Sasa narudi mlimani, maana bado sijamaliza deni langu kwa mwenye kitanda cha juu. Wachimbaji walihitaji magogo ya kuzuia paa la mgodi, mbao za kujengea na kuni za kuchomea. Walikata misitu ya misonobari, na mioto mingi ilizuka katika miaka hiyo. Mlima ulibaki mweusi na uchi. Msonobari uliochomwa hauna budi kuanza upya kwa mbegu, lakini mzizi wa aspen uliojificha ardhini hauungui kwa urahisi, nao upatapo jua huchipua mashina kwa maelfu. Misitu mingi ya aspen inayosifiwa Colorado leo iliota baada ya mioto na ukataji wa nyakati zile. Yaani baadhi ya dhahabu ile wanayoipiga picha watalii ni kovu la uchimbaji lililopona.

Hata hivyo mzizi nao si wa milele. Baada ya ukame mkali wa mwaka 2002 sehemu kubwa za misitu ya aspen katika Colorado zilikauka, na zile ambazo mizizi yake ilikufa hazikuchipua tena. Anayetegemea mzizi hana budi kuumwagilia.

Basi nakiri kwamba mwenzangu hakukosea kabisa. Alisema msitu haugeuki manjano wote pamoja ila umekufa. Kweli majani yale yanakufa, kila moja. Kinachobaki hai hakionekani katika picha, nacho ndicho kilichoifanya picha. Mji wa Aspen ulikatwa shina lake la fedha mwaka 1893, ukachipua kwa kitu kingine kilichokuwapo siku zote chini ya miguu yao. Likizo hii nitakwenda kwa babu, na tutapita pamoja katika mashamba yaliyoachwa. Sitamwuliza tena kazi iliondoka kwa nini. Nitamwuliza ni nini kingine kilikuwapo pale, ambacho mkonge ulikifunika.

Kalenda naomba isiondolewe ukutani.